Dirisha Moja kwa Ajili ya Wafu: Juu ya Kuhitimisha Riwaya za Vijana

Filamu ya The Golden Compass ilipotoka mwaka 2007, waliokuwa wamesoma riwaya iliyoizaa, Northern Lights ya Philip Pullman, hawakuuona mwisho wa kitabu. Katika kitabu, Lyra Belacqua, msichana aliyelelewa na wanazuoni katika Oxford ya ulimwengu unaofanana na wetu lakini usio wetu, anavuka barafu ya kaskazini kumpelekea baba yake, Lord Asriel, kifaa cha dhahabu kiitwacho alethiometa, ambacho humjibu kweli yule ajuaye kukisoma. Anaamini baba anakihitaji. Kumbe baba anahitaji mtoto, mtoto yeyote. Usiku anamchukua Roger, mtoto wa jikoni aliyecheza na Lyra tangu utotoni, anamkata na daimoni wake, yaani nafsi yake inayotembea nje ya mwili kwa umbo la mnyama, na kwa nguvu inayofumuka katika mkato huo anapasua mbingu na kufungua njia ya kuingia ulimwengu mwingine. Roger anakufa. Filamu ilikoma kabla ya hapo, watoto wakiwa wangali angani, salama, wamejaa matumaini, na filamu mbili zilizokusudiwa kuifuata hazikutengenezwa. Sitasema kwamba zilikosekana kwa sababu hiyo, maana biashara ya sinema ina sababu zake nyingi. Ninalosema ni kwamba filamu hiyo, kwa kukiacha kifo cha Roger, iliacha jambo lenyewe lililofanya juzuu ya tatu, The Amber Spyglass, iwe na haja ya kuandikwa. Katika juzuu hiyo Lyra anashuka kuzimu kumwomba Roger msamaha.

Juzuu inayofunga mfululizo wa riwaya za fantasia kwa vijana naipima kwa kile inachomnyang'anya shujaa wake, kwa sababu inayoitoa ya kumnyang'anya, na kwa kazi anayobaki nayo mkononi. Riwaya za aina hii huanza kwa kumpa kijana uwezo ambao msomaji wake hana: fimbo, upanga, kisu kinachokata hewa, kifaa kinachosema kweli. Msomaji wa miaka kumi na mitatu anaukopa uwezo huo kwa mamia ya kurasa, kisha anafunga kitabu na kujikuta na mikono mitupu. Mtunzi anaweza kujifanya halijui jambo hilo, akamwachia shujaa kila kitu na kumwacha msomaji peke yake. Anaweza pia kulikabili, likawa ndilo suala la kitabu. Pullman alilikabili. The Amber Spyglass ilitoka mwaka 2000, miaka mitano baada ya Northern Lights na mitatu baada ya The Subtle Knife, ikapewa tuzo ya Whitbread ya Kitabu cha Mwaka, ambayo hakuna kitabu cha watoto kilichokuwa kimewahi kuipata. Nadhani waamuzi walitambua kwamba hapa kijana alikuwa akiambiwa jambo ambalo watu wazima wengi hawajathubutu kujiambia.

Safari ya kuzimu ndiyo moyo wa kitabu, nami nitakaa hapo kidogo. Tangu juzuu ya kwanza Lyra ni mwongo stadi. Uongo umemwokoa mara nyingi. Alimdanganya hata Iofur Raknison, mfalme wa dubu wa vita, na kwa ustadi huo dubu Iorek Byrnison akampa jina la sifa, Silvertongue. Msomaji anaufurahia uongo huo, na ana haki ya kuufurahia, kama hadhira ya pwani inavyomwitikia mtambaji kwa kuita uongo uje na utamu ukolee. Lyra anafika kwenye lango la kuzimu na silaha ile ile. Lango linalindwa na harpi, madege makubwa yenye nyuso za wanawake, naye anaanza kuwasimulia kisa cha kubuni juu ya maisha yake. Harpi mmoja anamrukia kwa kucha, akimpigia ukelele kwamba ni mwongo. Baadaye, katikati ya umati usiohesabika wa wafu, mizimu ya watoto inamsihi aieleze dunia waliyoanza kuisahau. Safari hii anasimulia mambo yaliyotokea kweli: vita vya matope baina ya watoto wa mjini Oxford na watoto wa wachoma matofali, harufu ya udongo, mto, siku nzima ya mchezo. Harpi wanatua mmoja baada ya mwingine na kusikiliza kimya. Wakiulizwa kwa nini hawakumshambulia, jibu lao ni kwamba maneno yale yalikuwa kweli, na kweli iliwalisha. Hapo linafungwa agano. Will Parry, mvulana wa ulimwengu wetu ambaye ndiye mwenye kisu kinachofungua madirisha baina ya dunia na dunia, atakata dirisha la kuwatoa wafu. Harpi watawaongoza hadi pale. Na kila mfu atalipa kwa kusimulia, bila kubuni, aliyoyaona na kuyagusa na kuyapenda akiwa hai. Aliyeishi bila kutazama chochote hana cha kulipa.

Kwa tukio hilo moja Pullman amemvua shujaa wake silaha aliyomsifia kwa juzuu mbili, na amefanya hivyo bila kumtia aibu. Kipawa cha Lyra cha kusimulia kimebaki kizima. Kilichobadilika ni kwamba sasa kina wajibu juu yake. Gharama ya kufika hapo pia ilikuwa imetajwa mapema. Katika sura za mwanzo kabisa za Northern Lights, mkuu wa Chuo cha Jordan, alikolelewa Lyra, anamwambia mwenzake kwamba mtoto huyu atashiriki katika usaliti, kwamba yeye ndiye atakayesaliti, na kwamba jambo hilo litamtesa sana. Msomaji anaweza kudhani utabiri huo ulitimia kwa Roger. Maana yake kamili inafika kwenye ufuo wa kuzimu, pale mvushaji anapokataa kumpakia Pantalaimon, daimoni wake, na Lyra anamwacha gatini akitetemeka. Roger aliuawa kwa kutenganishwa na nafsi yake kwa nguvu. Lyra, ili amfikie Roger, anaiacha yake kwa hiari. Mtunzi aliyeweza kulibeba jambo hilo tangu mwaka 1995 hakuwa akibahatisha mwisho wake.

Kisha linakuja pigo la pili, ambalo wasomaji wengi hawajamsamehe Pullman mpaka leo. Mary Malone, mwanasayansi aliyewahi kuwa mtawa, anatengeneza darubini ya kaharabu inayokipa kitabu jina lake, na kwa darubini hiyo anaona Vumbi, zile chembe zenye fahamu zinazostawi panapokuwa na viumbe wanaofikiri, zikitiririka kwenda zake na kuiacha miti ikifa. Malaika Xaphania anawaeleza watoto sababu. Kila dirisha lililoachwa wazi baina ya dunia na dunia linavujisha Vumbi. Kila kisu kinapokata, zimwi jipya linazaliwa, miongoni mwa yale yanayonyonya nafsi za watu wazima. Na hakuna mtu awezaye kuishi muda mrefu nje ya ulimwengu wake. Mwili humnyauka, kama ulivyomnyauka baba yake Will baada ya miaka kama kumi ugenini. Lyra na Will ndio kwanza wametambua kwamba wanapendana. Dunia zote kwa pamoja zinaweza kumudu uvujaji wa dirisha moja tu, na dirisha hilo moja lingewatosha. Wanawapa wafu. Hakuna anayewaamuru. Will anakivunja kisu mwenyewe kwa kumfikiria Lyra wakati wa kukata, na hapo msomaji anakumbuka kwamba kiliwahi kuvunjika mara moja kwa sababu alimfikiria mama yake: upendo uliokuwa udhaifu wa mwenye kisu sasa ndio chombo chake cha kukimaliza. Lyra anagundua kwamba hawezi tena kuisoma alethiometa. Alichokuwa nacho bila kukisomea, anaambiwa, atakipata tena kwa kazi ya maisha yote, na kikipatikana hivyo kitakuwa kizuri zaidi. Will anarudi Oxford yetu kumtunza mama yake mgonjwa wa akili. Lyra anarudi Oxford yake kwenda shule.

Jina la jumla la riwaya hizi tatu, His Dark Materials, limetoka katika Paradise Lost, utenzi wa John Milton wa mwaka 1667 juu ya Adamu na Hawa. Milton aliwatoa wawili wake bustanini pamoja. Pullman amewatenganisha, na bustani akaiacha mahali pake: ni bustani ya mimea ya Oxford, iliyoanzishwa mwaka 1621, ambamo Lyra na Will wanaahidiana kwamba kila mwaka, adhuhuri ya siku ile ile ya katikati ya kiangazi, kila mmoja atakaa saa nzima kwenye benchi lile lile katika ulimwengu wake. Ng'ambo ya barabara kutoka bustani hiyo kuna Chuo cha Magdalen, alikofundisha C. S. Lewis kwa karibu miaka thelathini. Huo ni ujirani wenye maana, kwa sababu Lewis naye alifunga mfululizo maarufu, na akaufunga kinyume kabisa.

Katika The Last Battle ya mwaka 1956, Narnia, nchi ya mfululizo huo, inakwisha. Nyota zinaitwa nyumbani, bahari inapanda, jua linazimwa. Sura hizo ni miongoni mwa zilizoandikwa kwa ustadi mkubwa katika fasihi ya watoto, na sitaki kuzipunguzia hadhi. Lakini watoto waliotoka Uingereza wamekufa katika ajali ya treni, na habari hiyo wanapewa kama bishara njema. Hawana tena la kufanya duniani. Mmoja tu amebaki hai: Susan, ambaye tunaambiwa si rafiki wa Narnia tena, kwa kuwa sasa anajali rangi ya mdomo, soksi za nailoni na mialiko. Pullman alilishambulia jambo hilo vikali katika gazeti la The Guardian mwaka 1998, akiliona kama chuki dhidi ya msichana kukua. Mimi naona kasoro yake mahali pengine. Susan ndiye pekee mwenye kazi mbele yake. Ana kaka wawili, mdogo wake na wazazi wake wote wa kuzika, na Lewis hakwenda naye. Kitabu kinamfuata kila aliyeondoka na kumwacha yule aliyehitaji kufuatwa, ambaye ndiye anayefanana zaidi na msomaji anayekifunga kitabu.

Susan Cooper alitafuta njia nyingine katika Silver on the Tree mwaka 1977. Giza, adui wa mfululizo wake, limeshindwa, na watoto walioshiriki wanafutiwa kumbukumbu. Mmoja wao tu, Will Stanton, ndiye atakayejua. Nasikitika kusema kwamba hili naliona kosa kubwa kuliko la Lewis, hasa kwa kuwa mfululizo wenyewe ni bora sana. Kumnyang'anya mtu uwezo ni jambo moja. Kumnyang'anya alichojifunza ni kuutangua mfululizo mzima nyuma yake. Rowling, katika Harry Potter and the Deathly Hallows ya mwaka 2007, alifika karibu na jambo lenyewe Harry alipoingia msituni kufa kwa hiari yake, na tena alipokataa kuitumia ile fimbo isiyoshindwa. Kisha akaongeza sura ya miaka kumi na tisa baadaye, ambamo treni ni ile ile, kituo ni kile kile, na watoto wamepewa majina ya wafu. Hapo kila kilichopotea kimewekewa mbadala.

Wenzake Pullman wa kweli ni Lloyd Alexander na Ursula K. Le Guin. Taran wa The High King, kitabu cha mwaka 1968, anapewa nafasi ya kwenda nchi isiyo na kifo pamoja na wale anaowapenda, naye anaikataa, kwa sababu kuna mashamba yaliyoharibiwa na kuta zilizobomoka, na aliwaahidi waliokufa kwamba angezimaliza kazi zao. Alexander anamhurumia kidogo zaidi: Eilonwy, mpenzi wake, anauacha uchawi wake ili abaki naye. Le Guin, katika The Farthest Shore ya mwaka 1972, alitangulia kuliona hata lile tatizo la uvujaji. Mchawi aliyetaka kuishi milele ametoboa mpaka wa uhai na mauti, na kwa tundu hilo uchawi na furaha vinaikimbia dunia. Ged, shujaa wa mfululizo, analiziba kwa nguvu zake zote, na hazirudi tena. Mwaka 2001, mwaka mmoja tu baada ya The Amber Spyglass, Le Guin alitoa The Other Wind, ambamo ukuta wa nchi ya wafu unabomolewa ili wafu waende zao. Watunzi wawili wasiofanana imani wala mtindo walifikia karibu wakati mmoja neno lile lile, kwamba hitimisho linalostahili kuwafikia vijana ni kuwafungulia wengine njia huku walio hai wakibaki upande wa kazi.

Najua yatakayosemwa. La kwanza ni kwamba utengano wa Lyra na Will umelazimishwa: malaika anatokea kurasa za mwisho na sheria mfukoni, kana kwamba mtunzi aliitunga usiku huo ili aupate mwisho wa machozi. Nakubali kwamba maelezo ya Xaphania yamebanwa, na kwamba hesabu ya dirisha moja, lisilozidi wala kupungua, inakuja kwa wepesi unaotia shaka. Hata hivyo sheria zenyewe ni za zamani. Mazimwi ya Cittàgazze tuliyaona katika The Subtle Knife, katika mji ule ule kisu kilikotengenezwa. Baba yake Will tulimwona akifa taratibu ugenini. Mapengo ya dunia tuliyaona yakisifiwa kama ushindi wakati Asriel anapasua mbingu kwa mwili wa Roger, na hilo ndilo linalonifanya niitetee sheria hii kwa nguvu. Njia ya kwanza baina ya dunia na dunia iliyofunguliwa mbele ya macho ya Lyra ililipiwa kwa mtoto. Kama hadithi ingewaachia wapenzi wawili dirisha lao, ingekuwa imemkubali Asriel bila kusema hivyo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na mwenye kulitetea ni J. R. R. Tolkien. Katika mhadhara alioutoa Chuo Kikuu cha St Andrews mwaka 1939, Tolkien alidai kwamba kazi ya juu kabisa ya hadithi za aina hii ni faraja, ule mgeuko wa ghafla wa furaha usiotarajiwa. Je, mtunzi anayewanyima watoto faraja hiyo hajavunja masharti ya sanaa yake? Nadhani mgeuko huo umo, ila watu wanautafuta mahali pasipo pake. Umo pale Roger anapopita dirishani, wa kwanza kati ya wafu wote, akishangaa na kucheka, na kuyeyuka katika hewa ya usiku na nyota. Kila dhana ya kifo iliyokuwa ikitisha katika kurasa mia za nyuma imegeuka wakati huo. Furaha ya kitabu ilitolewa yote hapo, kwa wale waliokuwa hawana kitu kabisa. Wanaolalamika wanataka itolewe mara ya pili kwa wale wenye maisha mazima mbele yao.

Tatu, kuna wasomaji wa dini, Wakristo na Waislamu, ambao hawawezi kustahimili riwaya ambamo yule aitwaye Mwenye Mamlaka, aliyejidai kuwa muumba, ni mzee dhaifu sana anayeyeyuka upepo unapompiga. Sitawaambia kwamba wamekisoma vibaya. Pullman anapinga dini iliyoshika dola, na hafichi. Lakini inafaa kukumbuka kwamba Rowan Williams, akiwa Askofu Mkuu wa Canterbury, alijadiliana naye hadharani mwaka 2004 katika ukumbi wa National Theatre wa London, ambako vitabu hivi vilikuwa vimeigizwa, na alipendekeza visomwe katika masomo ya dini. Yeye aliona mle swali ambalo muumini hawezi kulikimbia. Hata mimi naona kwamba agano la harpi, linalomtaka kila mtu baada ya kufa atoe hesabu ya kweli ya maisha yake, liko karibu na mafundisho ya dini kuliko mtunzi mwenyewe angependa kukiri. Anayekataa theolojia ya kitabu bado anaweza kuulizwa kama ana cha kuwasimulia harpi.

Linabaki pingamizi la mwisho, kwamba Pullman mwenyewe hakuuheshimu mwisho wake, kwa kuwa aliurudia ulimwengu huo na kuanza mfululizo wa pili kwa La Belle Sauvage mwaka 2017. Tukisoma The Secret Commonwealth ya mwaka 2019, tunamkuta Lyra ana miaka ishirini, mwanafunzi wa chuo, na hasemi na Pantalaimon. Daimoni hajasahau ufuo ule alioachwa. Wanalala chumba kimoja kama watu waliogombana, na hatimaye Pantalaimon anaondoka kwenda kutafuta anachosema Lyra amekipoteza. Wapo waliochukizwa na kitabu hicho kwa sababu kilimharibu, kwa maoni yao, msichana waliyempenda. Lakini mtunzi anayetaka kuutangua mwisho wake huponya majeraha na kurudisha wapenzi. Huyu alilikuta jeraha lile lile alilolitia mwaka 2000, likiwa na umri wa miaka minane ndani ya hadithi, akaandika jinsi mtu anavyoishi nalo anapokuwa na mitihani ya kufanya na kodi ya kulipa.